Nukta ya Umakini

Mimi ni mpiga picha, studio yangu ipo Makambako, na katika maisha yangu yote sijawahi kumdharau mtu kama nilivyomdharau yule aliyekuwa akiniandikia "Mteja wetu mpendwa". Simjui sura wala jina. Huenda hata hakuwa mtu mmoja, maana kila nilipoandika alijibu mwingine, na kila mwingine aliniomba nieleze tatizo langu tangu mwanzo. Upendo wao tu ndio haukubadilika. Walinipenda asubuhi, walinipenda mchana, walinipenda hata siku niliyowaandikia maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa.

Kamera ilikuwa mpya. Niliinunua kwa wakala mmoja wa Dar es Salaam, na ndani ya boksi palikuwa na kadi yenye namba ya huduma kwa wateja. Ilikuwa kamera nzuri, nasema hivyo kwa kinyongo. Ina kitundu cha kuchungulia, na nyuma ina kioo kama cha simu. Ukichungulia unaona kiboksi kidogo cha kijani, na kiboksi hicho ndicho kinachoielekeza kamera ilenge wapi. Kikikaa kwenye uso wa bibi harusi, uso unatoka safi na vingine vyote vinafifia. Kikikaa kwenye pazia, pazia linatoka safi na bibi harusi anakuwa ukungu uliovaa shela.

Cha kwangu kilikuwa kinahama. Nakiweka kwenye uso wa mtu, nabonyeza, halafu nikiangalia picha nakuta kimeshajiendea pembeni. Hakikufanya hivyo kila siku. Studioni, ambako kamera hukaa juu ya stendi, kilitulia. Nje kwenye harusi za asubuhi kilitulia. Kanisani na ukumbini ndiko kilikopata wazimu.

Ningeweza kuvumilia hayo yote kama kisingenifanyia hivyo kwenye jubilei ya mama mkubwa.

Mama mkubwa, dada yake mama yangu, ni sista. Mwezi wa sita mwaka juzi alitimiza miaka hamsini ya nadhiri, na misheni walimfanyia misa kubwa. Mama alikuwa na jambo lake moja tu kuhusu siku hiyo. Alikuwa na presha ya macho. Jicho moja lilikuwa limeshakwenda na la pili lilikuwa linafuata polepole, na daktari wa macho pale Njombe alimweleza mbele yangu kwamba kilichopotea hakirudi, ila kilichobaki kinalindwa na dawa ya matone, asubuhi na jioni, siku zote za maisha yake. Mama akaikubali dawa. Halafu akaniambia mimi, "Nipige na dada yangu picha moja kubwa. Niwe naitazama wakati bado natazama." Hawakuwahi kupiga picha wawili peke yao. Mmoja aliondoka nyumbani akiwa msichana kwenda utawani, mwingine akaolewa, na picha zote zilizokuwepo zilikuwa za makundi, watu thelathini mbele ya mlango wa kanisa.

Asubuhi ile baridi ya Njombe haikuwa na adabu. Nyasi zilikuwa nyeupe kwa sakitu, ule umande unaoganda usiku. Nilijipaka mafuta ya mgando usoni kama kila mtu, nikajifunga skafu ya sufu mpaka juu ya pua, nikapiga maandamano ya masista kutoka nyumbani kwao hadi kanisani. Picha zile ni safi mpaka leo, unaweza kuhesabu mikunjo ya shela. Mlangoni nikavua kofia na kushusha skafu, kama mama huyohuyo alivyonifundisha nikiwa mdogo, kwamba mtu haingii mbele za Mungu amejifunika uso kama mwizi. Baada ya misa nikawasimamisha wawili wale mbele ya altare, wameshikana mikono. Nikapiga kumi na moja. Mama mkubwa alikuwa na watu wengi wa kusalimiana nao, hivyo nilipewa dakika chache tu.

Jioni, kwenye kompyuta, nilikuta mishumaa kumi na moja iliyotoka vizuri ajabu. Nta ilionekana inavyotiririka. Mbele ya mishumaa kulikuwa na mawingu mawili, moja la kijivu na moja la kitenge.

Kesho yake nikapiga simu huduma kwa wateja. Nilisikiliza muziki, nikaambiwa simu yangu ni muhimu sana kwao, nikasikiliza tena muziki. Akapokea binti mwenye sauti nzuri. Nikamweleza. Akaniuliza kama nimejaribu kuizima na kuiwasha. Nikamwambia, "Dada, mimi naizima na kuiwasha kila siku, ndiyo kazi yangu." Akasema basi nijaribu tena, na tatizo langu amelifungulia tiketi.

Tuelewane hapa. Makambako ni njia panda. Sisi tumekulia kwenye tiketi, na kwetu tiketi inampeleka mtu mahali, iwe Songea, iwe Mbeya, iwe Iringa. Ya kwao haikunipeleka popote. Baada ya siku tano nikapata ujumbe kwamba tiketi yangu imefungwa na wanafurahi kunihudumia. Chini yake zilikuwepo nyota tano, nichague ngapi nawapa.

Nikafungua nyingine. Safari hii walitaka video ya tatizo. Nikaiweka kamera mezani, nikashika simu mkono mmoja, nikarekodi kile kioo cha nyuma kwa dakika nne nzima huku nikikisubiri kiboksi kihame. Kikatulia kama mzee wa kanisa siku ya sadaka. Nikawatumia hivyohivyo, na maelezo marefu. Wakajibu kwamba kwenye video hawajaona tatizo. Aliyefuata akauliza nakaa wapi. Nilipotaja mkoa akapata nguvu mpya: kifaa hakitakiwi kutumika kwenye baridi kali. Nikamwandikia kwamba huku kwenye baridi kali ndiko kinakofanya kazi, na kinaharibika kikiingia ndani kwenye joto. Akajibu, "Asante kwa maoni yako."

Mama alikuwa anapiga simu kila Jumapili. Picha iko wapi? Nikamwambia bado naisafisha. Jumapili ya nne nikaona aibu, nikachagua ile yenye unafuu, nikaikuza, nikaitia kwenye fremu, nikampelekea kijijini. Najua kazi yangu, na nilijua kwamba haikuwa picha. Sijui nilitegemea nini. Nadhani nilitegemea kwamba mapenzi yangezijaza zile nyuso.

"Kamwene, mwanangu," alisema, na hata kabla sijakaa akawa ameshanyoosha mikono kuipokea. Akaipeleka mlangoni penye mwanga. Akaisogeza karibu, akaiweka mbali, akaiinamisha. Akafuta kioo kwa upindo wa kitenge, akatazama tena.

"Simwoni dada," alisema. "Wala mimi mwenyewe sijioni. Macho yameisha, mwanangu."

Pale ndipo nilipotakiwa kufungua mdomo. Nilikuwa na maneno ya kumwambia, tena mafupi: picha ni mbovu, mama. Lakini mimi ni fundi wa miaka mingi, mkoa mzima unanijua, na nilishindwa kusema mbele ya mama yangu kwamba nimeharibu picha pekee aliyowahi kuniomba. Nikasema, "Ni umri, mama." Akatikisa kichwa, akaitundika ukutani, akaniuliza kama nitakunywa chai.

Nilirudi Makambako nikamalizia hasira zangu kwa wale wa "Mteja wetu mpendwa". Niliandika kila siku. Niliandika nikiwa nasubiri wateja, niliandika nikila. Walinishauri nisasishe programu, nikasasisha. Walinishauri nirudishe mipangilio ya kiwandani, nikairudisha, na kiboksi kikahama vilevile kwenye harusi iliyofuata. Wakasema niitume kamera Dar, nikaituma kwa basi. Wiki tatu nikaazima kamera ya jirani. Ikarudi na karatasi: imekaguliwa, haina hitilafu. Halafu akatokea mmoja ambaye nadhani alitaka kunimaliza kabisa. Aliandika: "Mteja wetu mpendwa, kuhama kwa nukta ya umakini mara nyingi husababishwa na mtumiaji kukosa umakini."

Sisi mafundi tunasema fokasi. Nukta ya umakini niliisoma kwa mara ya kwanza siku ile, na niliisoma pamoja na tusi lake. Nikamjibu kwa aya sita. Nilimweleza nilianza kazi hii tangu enzi za filamu, wakati ukikosea huwezi kufuta. Nilimwambia umakini wangu anaweza kuuliza kuanzia Ludewa hadi Wanging'ombe. Akanijibu kwa kunitumia nyota tano nichague.

Katika miezi yote hiyo mama nilimpigia mara chache. Nilikuwa na shughuli.

Jibu lilikuja mwezi wa kumi na moja, huko Kidugala, nilikokwenda kupiga kipaimara. Mvua ndogo, baridi, nimejipaka mafuta yangu ya mgando. Ndani ya kanisa kiboksi kikaanza ujinga wake. Nikashusha kamera kwa hasira, nikaona kwenye kioo cha nyuma doa la mafuta. Doa hilo nililijua. Nilikuwa nalifuta kila jioni tangu ninunue kamera, mahali palepale, umbo lilelile. Safari hii, kabla sijalifuta, niliangalia kiboksi kilikokimbilia. Kilikuwa chini ya doa.

Jicho langu la kulia liliharibiwa na kibanzi cha mbao nikiwa kijana, nilipokuwa napasua mbao Matembwe. Tangu hapo nachungulia kwa la kushoto. Mtu anayechungulia kwa jicho la kushoto, pua yake inalala juu ya kioo. Na kioo kile, kama cha simu, ukikigusa kwa ngozi kinatii. Nilikuwa nakihamisha kiboksi mimi mwenyewe, kwa pua yangu. Nje kwenye baridi pua ilikuwa ndani ya skafu, na sufu haikihamishi kitu. Kanisani nilikuwa naivua kwa heshima. Studioni kwenye stendi, na kwenye video niliyowatumia, uso wangu ulikuwa mbali, na kule Dar waliikagua kwa macho yao mazima ya kulia. Dawa yake ilikuwa kuzima mguso wa kioo kwenye mipangilio. Sikutumia hata dakika.

Katika watu wote walionipenda, hakuna hata mmoja aliyeniuliza nachungulia kwa jicho gani. Nilitoka nje ya kanisa nikawacheka kwa sauti, mpaka wazazi wa watoto wakageuka. Nikaandaa kichwani barua ya kuwavua nguo. Kisha nikamkumbuka mama, nikaona nianze na picha.

Jumamosi yake nikaenda kumchukua twende misheni kwa dada yake. Nilimkuta jikoni anatafuta kikombe kwa kupapasa meza. Kikombe kilikuwa mbele yake. Nikakiweka mkononi mwake nikasema nitamtafutia dawa yake tuondoke nayo. Nikazikuta chupa ndani ya kikapu, nne, tatu hazijafunguliwa kabisa.

"Mama, dawa huweki?"

"Ya kulinda nini tena?" alisema bila uchungu wowote. "Si tuliona wote kwenye picha. Na wewe ukasema ni umri."

Nilimpitisha kwanza kwa daktari. Daktari alimmulika, akaandika, akaniangalia mimi, akarudia yale aliyosema mwanzo kuhusu kilichopotea. Mama kwa sasa anaona mwanga wa mlango na kivuli cha mtu anayepita. Tulipofika misheni nikawaketisha yeye na mama mkubwa kwenye benchi la nje. Nikapiga moja tu. Ukiitazama unaona hadi unyoya mmoja wa sufu kwenye sweta ya mama mkubwa.

Nikaichapisha ukubwa uleule, nikaipeleka wiki iliyofuata. Mama aliishika kwa mikono miwili, akapitisha kidole gumba juu ya kioo kutoka pembe hadi pembe.

"Imetoka vizuri?"

"Imetoka vizuri, mama."

"Kuliko ile?"

Nilimwambia. Nilimwambia ile ya kwanza ilikuwa mbovu tangu mwanzo, kwamba nilikosea mimi, na hata mtu mwenye macho ya mtoto asingeona nyuso mle. Nilimwambia nilijua siku ileile nilipomletea. Sikuwataja watu wa huduma kwa wateja. Hapakuwa na nafasi yao. Alisikiliza mpaka mwisho, fremu ikiwa mapajani, uso ameuelekeza kwenye mwanga wa mlango.

"Kumbe siku ile nilikuwa bado naona," alisema.

Nikamwambia ndiyo, alikuwa anaona.