Maksai wa Dada Nkwimba na Meli ya Wageni wa Kampuni

Niliondoka Bariadi Alhamisi asubuhi kwenda Kalemela kutafuta mtu wa kuniambia ukweli kuhusu mapato ya melini, kabla baba hajawapeleka maksai wake wawili kwenye mnada wa Jumamosi. Maksai hao ndio waliolima pamba yetu na mahindi yetu. Bei yao ingenilipia pasipoti, vipimo vya afya, mafunzo ya usalama baharini na tiketi ya ndege. Meli yenyewe ilikuwa ughaibuni, moja ya zile meli za starehe zenye mabwawa ya kuogelea juu na kumbi za muziki ndani. Nami ningekuwa mhudumu wa vyumba.

Nina shahada ya utalii na sina kazi. Wakala wa ajira wa Dar es Salaam aliponipigia, nilitetemeka mpaka mama akadhani kuna msiba. Wakala alisema hii si meli ya kawaida. Haiuzi tiketi kwa mtu mmoja mmoja, bali makampuni makubwa huikodisha yote, yakawapeleka mapumzikoni wateja na wafanyakazi wao waliofanya vizuri. "Makampuni yanadhamini kila kitu," alisema. "Hapo utakaa na wageni wa maana tu."

Baba aliposikia makampuni makubwa, alisema, "Basi tuuze." Mama akawaambia wenzake wa jumuiya ya kanisa, nao wakaniombea. Mimi nikaanza kukosa usingizi. Mshahara walionitajia ulikuwa mdogo, na wakala alisema mengine yangekuja kwa njia ya bakshishi. Nilijiuliza bakshishi ni kiasi gani. Nikajiuliza kama ni aibu kuuliza. Halafu nikajiuliza kama kutouliza ndiko kungenifanya nionekane mjinga. Ndipo nikamkumbuka Kabula, wifi wa dada yangu, ambaye alifanya kazi kwenye meli za namna hiyo mikataba miwili.

Kutoka Bariadi hadi Lamadi lami ni nzuri. Nilikaa mbele, karibu na dereva, nikatazama mashamba yaliyokwisha kusafishwa yakisubiri mvua. Kila baada ya kilometa chache niliona mtu amesimama katikati ya shamba tupu anaangalia mawingu. Nikawaza kwamba wote wale wana ng'ombe wa kulimia, na sisi baada ya Jumamosi hatutakuwa nao. Nikajiambia kuna matrekta ya kukodi. Nikajijibu kwamba trekta hukodishwa kwa fedha, na fedha yote itakuwa imekwenda na mimi. Dereva aliniuliza kama naumwa.

Lamadi nilishuka nikapata gari la kwenda Nyashimo. Pale stendi Nyashimo nilinunua sukari na mkate wa kupeleka kwa dada, nikarudi dukani kuongeza sabuni, kwa sababu niliona sukari na mkate pekee vitanifanya nionekane kama mtu anayekwenda kuomba kitu. Kweli nilikuwa nakwenda kuomba kitu. Kijana wa bodaboda alifunga mfuko wangu kwenye tanki, tukaenda.

Kalemela tulifika jua limeanza kupoa. Nyumba ya shemeji Maduhu iko mbele ya majaruba ya mpunga, na nyuma yake kwa mbali ziwa linaonekana kama bati jipya. Dada Nkwimba alitoka jikoni akifuta mikono, akanisalimu kwa lugha ya kwetu.

"Mwadila, mdogo wangu."

"Mwadila, dada."

"Mhola?"

"Mhola. Wazee wanakusalimu."

Alinitazama usoni. "Umekonda. Unawaza nini tena?"

Kabula alikuwa kwenye mkeka, anapepeta mchele. Ni mwanamke mwenye sauti kubwa na mkato mzuri wa nywele, na hakunipa hata nafasi ya kukaa.

"Huyu ndiye digrii?" akasema. "Karibu, digrii! Nasikia unataka kuja kutandika vitanda vya Wazungu. Huko chuoni walikufundisha kukunja taulo iwe tembo?"

"Hapana, dada Kabula."

"Basi hujasoma utalii. Kaa hapa."

Jioni, tukisubiri ugali, nilimuuliza. Nilikuwa nimepanga maswali yangu kwa utaratibu, lakini yalitoka yote kwa pamoja, naye akacheka akaanza popote alipotaka. Alisema mshahara wa melini peke yake haujengi hata choo. Kilichomjengea nyumba mama yake ni bahasha. Mgeni hukaa wiki nzima, humjua mhudumu wake kwa jina, humwambia habari za wajukuu zake, na siku ya kushuka huacha bahasha mezani. Mwingine huacha nene, mwingine huacha chokoleti iliyoyeyuka. Ukijumlisha wiki kwa wiki, unapata kitu.

"Na wageni waliodhaminiwa na kampuni?" niliuliza.

Kabula aliacha kucheka.

"Nani amekwambia habari za wageni wa kampuni?"

Nikamweleza. Akasogeza ungo pembeni.

"Sikiliza. Meli yetu ilikodishwa hivyo mara mbili. Kampuni inabandika nembo yake kila mahali, kwenye taulo, kwenye vikombe, mpaka kwenye keki. Wageni wakiingia wanatangaziwa kwamba kila kitu kimelipwa, msitoe hata senti. Wanakunywa usiku kucha, wanamwaga pombe kwenye mazulia, mimi nasugua. Siku ya kushuka wananikumbatia. Mezani hakuna kitu."

"Lakini kampuni si imelipia huduma?"

"Imelipia. Ililipa ofisini. Mimi nilipata kofia."

"Kofia gani?"

"Ya kampuni ya rangi za nyumba," alidakia shemeji Maduhu, aliyekuwa amekaa nasi akisubiri ugali. "Naivaa shambani. Ni nzuri, haipitishi jua."

Kabula alimpiga kwa kitambaa cha mkononi. "Nakwambia, digrii, kwenye meli ya kawaida kampuni ya namna hiyo inakuja mara moja moja, unavumilia. Wewe wanakupeleka ambako ni hivyo mwaka mzima. Waulize, ile ada ya huduma inayolipwa na kampuni, mhudumu inamfikia? Wakikujibu vizuri, nenda. Mimi mwenyewe nikiitwa kesho kwenye meli ya kawaida, narudi."

Dada Nkwimba alileta ugali na sato wa mchuzi. Alikaa, akanawa, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Nauli ya kwenda huko inatoka wapi?"

"Baba anauza ng'ombe Jumamosi."

"Ng'ombe gani?"

"Wale maksai wawili."

Mkono wake ulibaki juu ya sinia.

"Mbona sijaambiwa?"

Hapo nilielewa kwamba katika mawazo yangu yote sikuwa nimewaza hili hata mara moja. Maksai wale waliingia kwetu wakiwa madume machanga, katika mahari ya Nkwimba, na baba ndiye aliyewafundisha jembe. Nilijua hivyo. Lakini niliona kwamba wakishaingia zizini ni wa baba, basi. Kwetu si hivyo. Ng'ombe walioletwa kwa ajili ya binti hubaki na jina lake. Ndio wa kumwolea mke kaka yake au mdogo wake wa kiume, na ndoa ikivunjika ndio wanaodaiwa. Mzazi anaweza kuwatumia, lakini hawauzi bila binti kujua.

"Wale ni wa kukuolea wewe," Nkwimba alisema. "Na siku nikirudishwa nyumbani, baba atawapa nini hawa?"

"Nani anakurudisha?" Maduhu alisema. "Nikale wapi sato kama huyu?"

Hakuna aliyecheka. Kabula alikuwa ananitazama.

"Yule mmoja ana baka jeupe usoni?"

"Ndiyo."

"Na mwenzake mwekundu, pembe moja imeinama?"

"Ndiyo. Umewaona lini?"

"Niliwachagua mimi, mnadani. Huyu kaka yangu alikuwa hana hata mbuzi." Maduhu aliangalia sahani yake. "Mwenye baka ni bahasha za kizee mmoja na mumewe kipofu. Nilikuwa namsomea mzee menyu kila asubuhi kwa Kiingereza changu cha kuungaunga. Mwekundu ni miezi ya vyumba vya watu wengi tu, siwakumbuki. Nakumbuka mgongo."

Wakati ule mahari inapelekwa mimi nilikuwa chuoni. Nilidhani ni pamba ya Maduhu.

Ijumaa asubuhi Nkwimba aliniambia nimpigie wakala mbele yao. Nilitaka kwanza nimwandikie ujumbe, nifikirie maneno. Kabula alichukua simu yangu, akabonyeza jina la wakala, akaweka spika.

Nilimuuliza kama ada ya huduma inayolipwa na kampuni inatufikia wahudumu.

"Kaka, hujaanza kazi unauliza bakshishi?" alisema wakala. "Mshahara upo kwenye mkataba."

"Huo nimeuona. Nauliza hiyo ada."

"Kuna marupurupu. Sare, chakula, malazi. Na zawadi za wadhamini."

Kabula aliziba mdomo kwa khanga, mabega yakatikisika. Niliuliza mara ya tatu, nikishangaa kuisikia sauti yangu. Wakala alisema hayo ni mambo ya ofisi ya kule, na kama nina mashaka wapo wengi wanaosubiri. Akakata.

Nkwimba alikuwa anamfunga mtoto mgongoni. "Ng'ombe wangu hawapandi meli hiyo," alisema. "Mwambie baba nimesema mimi."

Mchana huo nilianza kurudi. Kutoka Nyashimo mpaka Lamadi niliwaza jinsi ya kumwambia baba. Kutoka Lamadi mpaka Bariadi niliwaza kwamba labda Kabula amekosea, labda meli hii ni tofauti, labda nitakaa nyumbani miaka kumi nikikumbuka Ijumaa hii. Mawazo yote mawili yalikuwa na nguvu sawa. Nilishuka stendi bila kuamua lipi ni la kweli, ila ujumbe wa dada haukuwa wangu wa kuuamulia.

Nyumbani, baba alikuwa amekwisha kupata kibali cha kuuza, na maksai walikuwa wamefungwa karibu na nyumba. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Alikasirika.

"Nkwimba ana kwake. Anaamuaje mambo ya zizi langu?"

Mama alikuja akasimama mlangoni.

"Amesema yeye mwenyewe?" baba aliuliza baadaye. "Si Maduhu?"

"Amesema yeye."

Alikaa kwenye kigoda. Kisha akasema, bila kunitazama, "Sikumpigia simu kwa sababu nilijua atasema hivyo." Akainuka akaenda kuwafungua maksai.

Jumatatu wakala alinitumia ujumbe kwamba nafasi imechukuliwa na mwingine. Niliumia kuliko nilivyotegemea. Jumuiya waliendelea kuuliza ninaondoka lini, na mama akaanza kupita njia ya nyuma kwenda kanisani.

Mvua zilipoanza nililima na baba. Nilishika jembe, nikawatazama maksai wale migongo, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba mapato ya melini nilikuwa nayo mbele yangu siku zote, yanapumua, yanavuta. Nilikwenda mbali kuuliza meli inalipa kiasi gani, nikajifunza kuuliza fedha ya mgeni inapita mikono ya nani kabla ya kumfikia anayesugua sakafu. Na jambo la pili, ambalo sikufundishwa chuoni, ni kwamba kila fedha ya kuondokea ni jasho la mtu, na mtu huyo ana haki ya kuulizwa.

Jioni ya siku tuliyomaliza kupanda nilimpigia dada Nkwimba. Nilimwambia nimeona tangazo la meli nyingine, ya abiria wa kawaida, na kwamba sijaomba bado.

"Mbona hujaomba?"

"Nilitaka nikuulize kwanza."

Nilisikia mtoto wake akilia, na Kabula kwa nyuma akipiga kelele, "Mwambie aombe! Mwambie ajifunze kukunja tembo!"

"Omba," dada alisema. "Ukipata, mwekundu ndiye atakayeuzwa. Mwenye baka abaki na baba."