Maji ya Kisima cha Uani

Kwiii. Hata miaka mingi baadaye Mwinshehe aliisikia sauti ile akiwa usingizini: nyembamba, kavu, kama ya mtoto aliyelia mpaka koo likamkauka. Siku ile ilimkuta kwenye mlima wa Pugu, lori limejaa mkaa wa Chanika. Kabla hajaisikiliza vizuri, mvuke ukafunika kioo. Pampu ya maji imekufa, na ilikuwa mpya. Aliyoitoa kabla yake nayo ilikuwa mpya.

Mwinshehe alikuwa dereva, mtu wa Temeke, mpole, aliyelifuta lori vumbi kama anayemfuta mwana uso. Lori lilikuwa la Bwana Sadallah, lakini lililala uani kwa Mwinshehe, na mtaani hakuna aliyemwita kwa jina la baba yake. Aliitwa Mwinshehe wa Lori. Sasa Bwana Sadallah alikuwa amemwambia, tena bila kupaza sauti, "Likilala njiani mara nyingine, ufunguo nampa dereva mwingine, Salumu."

Aliipeleka pampu kwa Leodegar, fundi kutoka bara, aliyekuwa na gereji Ilala. Leodegar akaifungua. Ndani, kigurudumu cha kusukuma maji kilikuwa kimelika, mapanga yake yamebaki vipande kama meno ya kizee, na ukingoni umeganda ukoko mweupe. Leodegar akaugusa kwa ncha ya ulimi.

"Bwana, gari lako unalinywesha bahari?"

"Maji ya bomba matupu. Mke wangu anayabeba kichwani kutoka bomba la Serikali."

"Basi bomba la nyie Wazaramo mmelichomeka pwani."

"Leodegar, leo sina meno ya kucheka."

"Haya. Ilikuwa inavuja?"

"Haivuji. Kila asubuhi nafungua kifuniko, rejeta imejaa mpaka shingoni. Nilikuwa naisifu kwa watu."

Leodegar aliweka spana chini. "Ndugu yangu, pampu iliyoliwa hivi ilikuwa inavuja usiku kucha. Kama ulikuta rejeta imejaa, kuna mtu anaijaza."

Mwinshehe alirudi nyumbani na pampu nyingine begani, ya mwisho aliyoiona Leodegar mjini, na hasira kifuani. Akaenda moja kwa moja mbele ya lori. Mchangani, chini ya bampa, palikuwa na alama ya duara, nzito, iliyorudiwarudiwa. Alama ya mdomo wa kinu. Mtu hufudikiza kinu hapo, hukanyaga juu yake, hufikia kifuniko. Na kinu cha nyumba ile kilikuwa mikononi mwa mtu mmoja tu.

Alikuwa Bi Mwajabu, mama wa mke wake, aliyekuja kukaa nao chumba cha nyuma baada ya kufiwa na mumewe kule Mbwamaji. Kwa heshima ya ukwe, Mwinshehe hakuwahi kuzungumza naye uso kwa uso. Mkwe akipita, yeye hugeukia ukutani. Mkwe naye hujivutia khanga usoni. Salamu, shukrani, hata habari ya chumvi kuisha, zote zilipitia kinywani mwa mkewe, Mwanakombo.

"Mwambie mama yako aache kumwagia gari maji ya kisima cha hapa uani," alimwambia mkewe. "Yale yana chumvi. Yanakula chuma."

Mwanakombo, mimba yake ikiwa kubwa, aliketi taratibu kwenye kibao cha mbuzi. "Nimwambie kwamba ameua pampu zako? Anaamka alfajiri kukusaidia wewe. Akisikia hivyo atafunga mzigo leo leo, na Mbwamaji hana mtu."

"Mwambie kwa upole."

"Kwa mama yangu kukosolewa hakuna upole. Halafu anajaza kwa nini? Ananihurumia mie. Maji ya bomba nayabeba kwenda na kurudi, na tumbo hili. Utayabeba wewe?"

"Dereva apite barabarani na debe kichwani? Unataka nichekwe?"

"Basi usiulize."

Mwinshehe aliingia chini ya boneti akiwa amekasirikia kila kitu. Gasketi aliyoikata kwenye boksi la viatu ikachanika. Akakata nyingine, akaipaka grisi, bolti ikakatikia tunduni. Aliichimbua kwa patasi huku jasho likimwingia machoni, akawaza Salumu ameketi kwenye kiti chake, mkono wa Salumu nje ya dirisha, watoto wakimkimbilia Salumu. Alimkasirikia Leodegar kwa kucheka, mkewe kwa kusema kweli, na yule mama kwa wema wake, na hasira hii ya mwisho ndiyo iliyomuumiza zaidi, maana haikuwa na pa kwenda.

Jua likielekea kuzama, pampu ikakaa. Akafunga mkanda wa feni, akaubonyeza kwa dole gumba, ukakaza sawasawa. Rejeta ilikuwa tupu.

Akasikia debe likiwekwa chini. Hakugeuka. Bi Mwajabu alikuwa nyuma yake, upande wa kisima, khanga imefunika uso, ameleta maji ya kisima kama kawaida yake ili mkwewe asihangaike. Alisubiri mwanamume aondoke ajaze. Mwinshehe hakuondoka. Alitazama kifuniko mkononi, akatazama njia ya bombani, ambako wakati huo mtaa mzima ulikuwa umepanga foleni.

Kisha akainamisha kichwa juu ya injini, akaliambia lori, kwa sauti ndogo iliyomfikia mkwewe na kuishia hapo:

"Gari langu, chumvi ya kisima inakuua. Kuanzia leo maji ya bomba nitakubebea mie."