Pipa la Nyambura

Msiniulize kwa nini siongozi tena akina mama wa kanisa wanaopinga pombe. Muulizeni Nyambura, jirani yangu wa Makongeni. Dada yangu alileta magunia mawili ya matofaa kutoka shambani, nikayapika rojo ya kuuza kwenye mnada wa mavuno wa kanisa. Nyambura akaniazima pipa la kuihifadhi. Hakusema alikuwa akipikia pombe ya busaa humo. Nilipolifunua baada ya wiki mbili harufu ilinipiga puani, na mimi, kichwa maji, nikasema ndivyo matofaa yanavyoiva.

Kanisani pasta alionja kijiko, akaonja na cha pili. Mzee Okoth, mlevi wa mtaa wetu, akanusa bakuli, akavua kofia.

“Mama Wambui,” akasema mbele ya wote, “kumbe wewe ni mwenzetu.”