Magoti ya Fundi Vigae

Kabla hujamwona fundi vigae, ulikuwa umeshayasikia magoti yake. Akichuchumaa, ko! Akiinuka, ko! ko! kama mtu anayevunja vijiti vya kuwashia moto. Maisha yake aliyapitisha chini, sponji zimefungwa magotini na mwiko mkononi, akigonga vigae kwa nyundo ya mpira mpaka vikae sawa. Kisha aliinamisha shavu karibu kabisa na sakafu kuangalia kama kuna kimoja kilichoinua kichwa. Watu wengi wa mtaa ule walitembea juu ya kazi yake bila kujua ni ya nani.

"Shemeji, hebu chuchumaa tena," kaka wa mkewe alimtania siku moja walipokuwa wote sebuleni. "Leo redio yangu imeharibika."

"Na tumbo lako linaponguruma mezani, mimi husema nini? Nanyamaza, kwa heshima ya dada yako."

Watu wakavunjika mbavu. Mkewe peke yake hakucheka. Mama yake mzazi alimalizia umri wake kitandani, magoti yamevimba na kupinda, na nyumbani kwao ilisemwa kwamba ugonjwa ule ulianza kwa magoti kulialia tu. Kwa hiyo kila ko! ya mumewe ilimchoma kama msumari. Aliiona mifupa ikisagana, ikipungua, ikielekea kwisha.

"Hayaniumi, mama watoto," fundi alimwambia. "Yanapiga domo tu."

"Leo yanapiga domo. Kesho je?"

Siku hizo nyumba ya ibada ya mtaani ilikuwa imejengwa upya, lakini chini ilikuwa bado saruji tupu. Fundi alikuwa ameweka nadhiri: vigae vikipatikana, sakafu ile ataitandaza mwenyewe kwa mikono yake, bila ujira, iwe shukrani yake kwa Mungu aliyemlisha kwa kazi ya sakafu. Kila alipolitaja jambo hilo uso ulimng'aa kama bwana harusi. Mkewe akaona kazi hiyo ndiyo itakayommaliza magoti.

Akala njama na watoto, ambao walikuwa wameshaanza kujitegemea. Wakaleta kiti kikubwa chenye mito. "Baba, umetulea vya kutosha," walimwambia. "Sasa kaa." Mwiko na sponji vikafichwa darini. Fundi akitaka tu kuinuka, mkewe ameshafika. "Unataka nini? Maji? Tulia, nakuletea." Hata wembe wa kunyolea alinunuliwa, asitoke kwenda kwa kinyozi.

Akakubali shingo upande, maana hakupenda kumwona mkewe na wasiwasi. Aliuliza jambo moja tu. "Na nadhiri yangu?"

"Mungu anayaona magoti yako, baba watoto. Atakusamehe."

Na kweli magoti yakanyamaza. Mke akashukuru katika sala zake, asijue kwamba yamenyamaza kwa kukosa kazi. Tumbo la fundi likanenepa, mapaja yakasinyaa mpaka suruali zikampwaya miguuni. Mwisho vile vidaraja vya kupandia mlangoni, alivyovijenga mwenyewe, vikawa mlima. Akavipanda kwa kushika ukuta, na sasa goti likawa linamuuma kwelikweli.

Mkewe akampeleka hospitali, kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwanamke wa makamo mwenye mikono mikavu. Akaushika mguu, akaukunja. Ko! Mke akaruka kitini.

"Mama, hii ndiyo inayokutisha?"

"Si mifupa hiyo inasagana, daktari?"

"Mara nyingi ni viputo vya hewa kwenye ule ute unaolainisha goti, au kano inateleza juu ya mfupa. Kabla hajaanza kukaa, yalikuwa yanamuuma?"

"Hapana."

"Yalivimba? Yalikwama? Yalimlegea akaanguka?"

"Hapana. Yalilia tu."

"Basi hayakuwa na ugonjwa. Goti likiuma, likivimba, likikwama au likilegea, hilo lilete mbio. Linalopiga kelele tu liache litembee. Goti hushikwa na misuli ya paja, mama, na misuli ya huyu bwana imelala usingizi. Nani alimkalisha?"

Fundi akadakia upesi, "Nilichoka mwenyewe, daktari. Uzee."

Mkewe akainamisha uso, akayatazama mapaja ya mumewe.

Mtaalamu akawaelekeza. Ainuke kitini na kukaa taratibu, bila kujisukuma kwa mikono. Akaze paja huku ameunyoosha mguu. Atembee kila siku, akiongeza kidogo kidogo, na tumbo lipungue. Fundi akauliza kuhusu sakafu ya nadhiri yake. Ataitandaza, lakini asiikimbilie: avae sponji zake, na asipige magoti muda mrefu bila kuinuka kujinyoosha.

Mke mwenyewe alipanda darini akashusha vifaa. Jioni walitembea wawili mpaka nyumba ya ibada na kurudi, naye fundi akisimama mlangoni kuipima ile saruji kwa macho. Mapaja yakaanza kujaa. Akawa anainuka kitini bila kushika kitu. Vigae vikafika, vikapangwa kando ya ukuta ndani ya maboksi yake.

Wiki ile ya kuanza kazi, homa ya mapafu ikamlaza. Hakuinuka tena. Mungu akamchukua.

Sakafu ikatandazwa na fundi mwingine, akaitandaza vizuri. Siku ya ibada ya kwanza watu walimpa mjane mkono wa pole, wakamwambia Mungu alimpenda zaidi. Akaitikia. Walipotoka wote, alipiga magoti peke yake juu ya vigae vipya.

"Ee Mungu," alisema, "hakuivunja nadhiri yake. Miezi ile ya kitini nilimkalisha mimi, kwa uoga wangu. Yeye mhesabie kwamba aliimaliza. Deni niandikie mimi."