Nguruwe wa Roshani ya Kanisa

Kila kijiji cha tambarare ya Manitoba, nchini Kanada, kina kitabu chake cha historia. Ni kinene, kina jalada gumu, kimeandikwa na kamati, na hakuna anayekifungua ila kutafuta jina lake mwenyewe. Hedwig Funk alivisoma vyote. Mkulima akifa na mali yake ikipigwa mnada uani, wanaume walilizunguka trekta, naye Hedwig alikwenda moja kwa moja kwenye boksi la vitabu lililosahauliwa karibu na banda la kuku.

Alichotafuta humo ni hali ya hewa: mafuriko, miaka ya vumbi, dhoruba za theluji. Alikuwa na sababu. Alipokuwa dereva wa basi la shule la kijiji chake, Silbertal, theluji ilimfungia njia, akakesha na watoto wa watu kwenye zizi la ng'ombe, wakaimba tenzi zote walizozijua mpaka ng'ombe wenyewe wakachoka wakajilalia. Kitabu cha wilaya yao kiliieleza siku ile kwa sentensi moja: "Kulikuwa na upepo." Chini yake zilifuata kurasa chungu nzima za picha za klabu ya mchezo wa kusukuma mawe kwenye barafu.

Kwa hiyo Silbertal ilipoamua kuandika kitabu chake, mwaka mmoja baada ya maji makubwa ya 1997, Hedwig aliomba sura ya mafuriko kabla hajaombwa. Mwenyekiti wa kamati, Abram Reimer, alimpa hadi msimu wa kupanda. Sura ikikosekana, alisema, nafasi hiyo itajazwa na picha za klabu ya mawe, anazo nyingi.

Hedwig akapita nyumba kwa nyumba. Alikaribishwa kahawa, mikate ya maziwa na jamu, akapewa na mbegu za alizeti za kutafuna. Habari hakupewa. Ukimwuliza Mmenonaiti wa Mto Mwekundu, mtu wa dhehebu la Kiprotestanti linalohimiza unyenyekevu, maji yalikuwaje, atatema ganda la mbegu na kukwambia haikuwa mbaya sana. Kueleza zaidi ni kujigamba, na kujigamba ni dhambi. Bi Loewen, ambaye nyumba yake ilibebwa ikageuka ikatazama kaskazini, alisema tu kwamba sasa jikoni kunapata jua zuri la asubuhi.

Mwenye mdomo mzito kuliko wote alikuwa Isbrand Toews. Katika mafuriko ya 1950, wanawake na watoto, Hedwig mwenyewe akiwemo, walihamishwa kwa treni. Wanaume wachache walibaki kulinda mifugo, na kati yao ni Isbrand tu aliyekuwa bado hai. Kila mtu alijua kwamba mwaka ule nguruwe waliishi kwenye roshani ya kanisa, kwa sababu siku za joto mbao za juu bado zilinuka nguruwe. Nani aliwapandisha, na vipi, hakuna aliyejua. Hedwig alimwuliza mara kadhaa. Isbrand alijibu kwamba hawakuwa wengi sana.

Ufunguo aliupata kwa bahati mbaya. Alibandika ukurasa mmoja kwenye ubao wa matangazo wa duka la ushirika, watu wausome, na humo alikosea: aliandika kwamba nyumbani kwa Bi Loewen maji yalifika kwenye jiko. Kabla ya chakula cha mchana Bi Loewen alikuwa mlangoni kwake, hata skafu hajaifunga vizuri.

"Jiko, dada Hedwig? Maji yalipita jiko, yakapita rafu ya sahani, yakasimama kwenye saa ya ukutani. Saa yenyewe bado ina matope. Njoo uone."

Hedwig alikwenda, akaona, akarudi na kurasa nne. Njiani alikuwa akicheka peke yake. Watu wake walikuwa tayari kufa na habari zao kifuani, lakini habari yenye kosa hawakuweza kulala nayo.

Jioni ile aliandika ukurasa mwingine, na safari hii alijua analoandika ni uongo, akaomba msamaha mapema. Aliandika kwamba mwaka 1950 Wakatoliki wema wa Sainte-Odette, ng'ambo ya mto, walivuka kwa mashua na kuwaokoa nguruwe wao kwa kuwapandisha kwenye roshani ya kanisa la Silbertal.

Asubuhi, alipousoma ubaoni, Isbrand hakungoja hata aamkiwe. Alisimama jikoni kwa Hedwig, kofia mkononi, akakataa kiti.

"Nguruwe wale hawakuwa Wakatoliki," alisema.

"Mimi nitajuaje, ndugu Isbrand? Nilikuwa kwenye treni."

Alikaa. Hedwig akammiminia kahawa na kusukuma soseji karibu naye, polepole asije akamgutusha. Na mzee akaanza. Alieleza jinsi mashua ilivyoingia kanisani kwa mlango mkubwa, jinsi walivyotengeneza njia ya kupandia kwa kutumia mabenchi, na jinsi jike mkubwa alivyogoma katikati ya ngazi mpaka mtu mmoja akamsukuma kwa bega kutoka nyuma.

"Nani?"

Isbrand alitazama mlango. "Mchungaji Friesen. Jike akaila kofia yake. Ndiyo maana nilinyamaza. Mtu mwenyewe alikuwa mkali, na kofia ile ilikuwa ya Jumapili."

Friesen alikuwa amekwisha kufa zamani, na Hedwig alimkumbusha hivyo kwa upole. Isbrand akakubali kofia iandikwe, mradi yeye aitwe "kijana mmoja" tu. Akiondoka aligeuka mlangoni kuongeza jambo la mwisho, maana alitaka liwe sahihi: nguruwe wawili hakuwajua. Walikuja wakiogelea wenyewe.

Abram Reimer alirudisha picha zake kwenye droo. Hedwig alibandua uongo wake ubaoni, akabandika ukweli. Siku ya pili simu ililia. Alikuwa Clothilde Bérubé wa Sainte-Odette, na hakuwa na furaha.

"Mama, ule ukurasa wa kwanza, wa Wakatoliki, ulitupendeza sana," alisema. "Kwa nini mmeubadilisha? Wale wawili walioogelea walikuwa wa baba yangu."

Hedwig aliangalia saa, akaangalia barabara, akamwuliza Clothilde kama ana kahawa. Kisha akachukua funguo za gari.