Siku Nne za Kungoja Baba Ashuke

Kitunguu saumu kikichemka kwenye maji matupu, bila mafuta wala nyanya, hutoa harufu isiyofanana na ya mapishi mengine. Juzi niliisikia kwenye ngazi za nyumba ninayopanga hapa Gulfton, mtaa wa Houston, ikitoka kwa majirani zangu Wanepali wa ghorofa ya chini, nikasimama na mifuko yangu mikononi hadi mtoto wao akaniuliza kama nimepotea. Sikuwa nimepotea. Nilikuwa jikoni kwetu Plano, karibu na Dallas, nina miaka kumi na mmoja, mwaka ule Baba alipoamua kwenda kupanda mlima.

Mwanzoni lilikuwa jambo la kuchekesha. Baba alikuwa mtu wa ofisi na kompyuta. Alizaliwa mahali ambapo Mlima Kenya huonekana asubuhi ukifungua mlango, na hakuwahi kuukanyaga. Lakini mwenzake wa kazini, Mnepali aitwaye Dipesh, alimwalika waende kwao watembee siku kumi na mbili, wavuke pengo lililo juu kabisa kati ya vilele viwili, kisha washukie bonde la upande wa pili. Plano ni tambarare kama meza, kwa hiyo alifanyia mazoezi kwenye ngazi za jengo la kuegesha magari, mgongoni amebeba pakiti kumi za unga wa ugali. Dipesh alimwambia supu ya kitunguu saumu humsaidia mtu kuzoea hewa nyepesi ya juu, basi akainywa kila jioni mwezi mzima. Mama, ambaye ni muuguzi, alisema supu ile haisaidii chochote ila kuwafanya wagonjwa wake, wakisikia harufu nguoni mwake, waombe kuruhusiwa mapema. Kanisani walimwuliza kama milima ya kwetu imeisha.

Alipofika huko alinitumia ujumbe wa sauti kila siku kwenye tableti yangu, kwao ikiwa jioni na kwetu asubuhi. Alinisimulia madaraja ya waya yanayoyumba juu ya mto mweupe kama maziwa, na kengele za nyumbu zinazosikika kabla nyumbu hawajaonekana. Nyumba za wageni zilikuwa na jiko moja tu, linalowashwa kwa samadi kavu, na soksi za watu wote zilianikwa juu yake hadi supu nayo ikawa na ladha ya miguu. Siku ya sita maji yaliganda ndani ya chupa kando ya kitanda chake. Mimi nilichora njia yake kwenye karatasi nikaibandika kwenye friji.

Siku ya nane, Alhamisi, sauti yake ilikuja nzito, kama ya mtu aliyetoka kung'olewa jino. Alisema kesho wataelekea pengoni. Alisema kichwa kimemuuma siku mbili na chakula hakikai tumboni, lakini ni kawaida. Akanisimulia habari za yaki, ng'ombe wao wa manyoya marefu, aliyekula kofia ya Dipesh. Kisha akanisimulia tena, neno kwa neno, kana kwamba hajaanza. Nilicheka mara zote mbili. Mwishoni akasema: "Mathe, usimwambie mama yako habari ya kichwa. Ataniambia nishuke, na akiniambia nitashuka."

Aliniita Mathe, yaani mama, kwa sababu nimepewa jina la mamake, na akiniita hivyo nilijiona mtu mzima wa kutunza siri.

Mama alikuwa amerudi kutoka kazi ya usiku na kulala. Nilipita mbele ya mlango wa chumba chake na mkoba wa shule, nikasimama kidogo, nikaenda zangu. Jioni nilimkuta akivaa sare. Aliniuliza Baba amesemaje, nami nikamjibu kwa Kiingereza, kama nilivyojibu kila kitu siku hizo, kwamba yuko sawa, na kwamba yaki amekula kofia. Alicheka hadi akakosa kifungo.

Ijumaa hapakuwa na ujumbe. Jumamosi pia. Jumapili Mama aliomba tu kanisani Baba akumbukwe kwa sala, na tangu hapo nyumba yetu haikuwa yetu tena. Wakenya wa Texas hawamwachi mtu akae na shida peke yake. Kufikia saa tisa mchana viti vya kukunja vya kanisa vilikuwa vimepangwa sebuleni, sufuria za pilau zimepangwa jikoni, na Auntie Njeri, binamu ya Mama, alikuwa amewasili kutoka Missouri City, zaidi ya saa nne barabarani, na chupa mbili kubwa za chai. Viti vile nilikuwa nimeviona vikipangwa hivyo mara moja tu, nyumbani kwa rafiki yangu babake alipofariki. Hakuna aliyeniambia kwamba Baba amekufa. Niliviona viti, nikajua.

Nilijaribu kumfikia Mama, na kila mara nilirudishwa na sahani mkononi.

"Wewe na urefu huo wote, na wageni hawana chai?" Auntie Njeri aliniambia. "Pelekea yule mzee kikombe, na usimwage kama baba yako."

Wengine wakacheka, kisha wakakumbuka kwamba hawafai kucheka.

Mwishowe Mama aliingia chumba cha kufulia kutafuta taulo. Nikamfuata, nikafunga mlango, nikamchezea ule ujumbe. Alisikiliza akiwa amesimama, kiganja juu ya mashine ya kukausha nguo. Yaki alipokula kofia mara ya pili, alifumba macho. Nilingoja kofi. Badala yake aliniuliza kwa sauti anayotumia na wagonjwa.

"Ulipata hii lini?"

"Alhamisi."

"Asubuhi?"

"Asubuhi. Ulikuwa umelala."

Alichukua taulo, akaikunja mara mbili, akaiweka juu ya nyingine.

"Sikiliza. Hata ungeniambia, singeweza kufanya kitu. Kule juu hakuna mtandao. Umenielewa?"

Nikasema nimeelewa. Akanawa uso, akatoka, akamwagia watu chai. Mtu akaanzisha wimbo wa tenzi, naye akauimba hadi ubeti wa mwisho.

Dipesh alipiga simu Jumatatu mchana. Baba alikuwa ameliona pengo kwa macho, hakulifikia. Alianza kupepesuka kwenye mawe kama mlevi, kisha hakujua yuko nchi gani. Mawingu yalizuia helikopta, kwa hiyo wapagazi walimbeba kwa zamu ndani ya kikapu, siku mbili wakishuka. Alikuwa hai, hospitalini, ubongo umevimba kwa ile hewa nyepesi. Watu wakala pilau, viti vikarudishwa kanisani.

Alirudi baada ya wiki tatu. Hadi leo akitembea huvutwa kushoto, majina humpotea, langu likiwemo, na haendeshi gari. Mama humpeleka kila mahali.

Mimi niliacha shule nikiwa na miaka kumi na sita. Nimepakia maboksi Fort Worth, nimepika katika hoteli za Houston, nimehama kila nilipotamani kuona kuna nini mbele. Kila mara siri ile iliponijia akilini, niliijibu kwa maneno ya Mama: kule juu hakuna mtandao.

Mwaka jana, ndani ya basi la kwenda Dallas, nilikuwa namtumia Mama ujumbe wa sauti kumwambia nimekaribia. Ukakataa kwenda. Tulikuwa katikati ya malisho, hakuna mtandao, na kile kiduara kikazunguka tu. Nilikikodolea macho muda mrefu. Lakini ule ujumbe wa Baba, wa siku ya nane, ulifika. Alhamisi yote ya kwetu, kwao ukiwa usiku, tangu nilipopita mlangoni na mkoba hadi Mama alipovaa sare, alikuwa bado kwenye nyumba ile ya wageni, na simu yake ilikuwa inafanya kazi.

Mama alijua. Ndiyo maana aliniuliza kama ilikuwa asubuhi. Jumapili ile hakuna hata mmoja wetu aliyeweza tena kumshusha Baba, lakini yeye aliona bado kuna mtu mmoja ambaye angeweza kumshusha kwa uongo mmoja: mimi, niliyekuwa mbele yake na tableti mkononi, na kulifikiria hilo kulimchukua muda wa kukunja taulo.