Mama Pasi na Mwanawe

Mtaani walimwita Mama Pasi. Alikuwa dobi wa hospitali, na watu walitania kwamba mtoto akipita mbele yake amekunja uso, atanyooshwa. Mumewe alifariki mapema. Binti yake na kitinda mimba wake wa kiume aliwalea peke yake, kwa mikono iliyobabuka kwa sabuni.

Kitinda mimba alipopata kazi ya udereva, mama alitembea kifua mbele. Mchana mmoja kijana alirudi na gari la tajiri wake, akaliingiza uani, akaanza kuliosha mbiombio.

"Umegonga nini, mwanangu?"

"Mbuzi, mama."

Kwenye taa iliyovunjika palinasa kipande cha kitambaa cha maua.

"Mbuzi huyo alivaa gauni?"

Kijana akaketi palepale kwenye maji. Alikuwa mwanamke, akasema, kwenye kona ya kiwandani. Aliingiwa na hofu, akakanyaga mafuta.

"Ulimwacha anapumua?"

"Sijui, mama. Sijui!"

Dada mtu akawahi kufunga geti. "Mama, hakuna aliyemwona. Tumpeleke kwa mjomba, mambo yapoe."

"Na wenzetu wanaomsubiri mtu wao sasa hivi?" Mama Pasi alimgeukia binti yake. "Mimi ndiye niliyemlea huyu. Nitampeleka mwenyewe."

Alimpa shati kavu. Akamshika mkono kama siku ya kwanza ya shule, wakaenda hadi kituo cha polisi. Alipiga moyo konde mpaka kijana alipovuliwa mkanda na viatu. Hapo akavikumbatia vile viatu, hadi askari akamtoa nje.

Yule mwanamke alikuwa ameshakata roho. Mama Pasi alikwenda mazikoni, akakaa nyuma kabisa. Mume wa marehemu alimfuata.

"Asante kwa kumpeleka mwanao polisi, mama. Lakini nakuomba usije tena hapa. Siwezi kukutazama."

Kijana alifungwa. Binti naye akafungasha vyake, akahama bila kuaga.

Siku ya kwanza ya kuwaona wafungwa, mlinzi alirudi ameinamisha macho. "Mama, anasema yeye hana mama."

Mama Pasi alijibu, "Mwambie nimekuja."

Akakaa kwenye benchi, katikati ya familia za watu zilizokuwa zikiongea na kucheka, mpaka wageni wote walipoambiwa waondoke. Wiki iliyofuata akaja tena.